Nani atampandisha Franco jukwaani?

Ukipita jioni katika kata ya Nyakasanza, mjini Bunia, hukosi kusikia gitaa la Franco Luambo kutoka baa moja au nyingine. Mkubwa huyo wa TP OK Jazz alifariki tarehe 12 Oktoba 1989, lakini hata vijana waliozaliwa baadaye wanamjua "Mario", yule kijana msomi anayelishwa na mwanamke aliyemzidi umri. Wimbo huo wa mwaka 1985 tayari ni mchezo wa kuigiza. Kilichobaki ni kuuvalisha nguo.

Je, maisha yenyewe ya mwanamuziki hupandishwaje jukwaani? Mfano wa karibu unatoka Nigeria, ingawa ulianzia mbali.

Mwaka 2008, mcheza dansi na mwongozaji Bill T. Jones alionyesha mjini New York mchezo "Fela!", juu ya Fela Kuti. Novemba 2009 ukaingia Broadway, Jay-Z na Will Smith wakiwa miongoni mwa watayarishaji. Jones hakusimulia maisha yote tangu kuzaliwa. Alichagua usiku mmoja wa 1978 katika klabu ya Shrine, Lagos, miezi michache baada ya kifo cha mama yake Fela, ambaye wanajeshi walimtupa dirishani walipovamia nyumba yao mwaka 1977.

Uchaguzi huo ndio uliobeba mchezo. Bendi ilipiga muziki palepale jukwaani, si kwa kanda. Nafasi ya Fela ilikuwa nzito kiasi kwamba Sahr Ngaujah na Kevin Mambo walipokezana. Mchezo ulipata tuzo 3 za Tony, moja ikiwa ya dansi.

Lakini palikuwa na mgogoro pia. Mwaka 2010 Carlos Moore, aliyeandika kitabu juu ya Fela tangu 1982, aliwashitaki watayarishaji akidai wametumia kazi yake bila ruhusa. Kesi iliisha kwa maelewano. Kundi lolote linalotaka kuigiza maisha ya msanii lingefaa kuanzia hapo: warithi kwanza, mazoezi baadaye.

"Fela!" ulifika Lagos Aprili 2011. Mwaka 2017 Wanigeria wakatoa wa kwao: Bolanle Austen-Peters alitunga "Fela and the Kalakuta Queens" na kuwapa nafasi ya mbele wanawake 27 ambao Fela aliwaoa siku moja. Waamerika walikuwa wamemtazama zaidi mwanaume na mama yake.

Franco naye ana usiku wake wa kuchagua. Mwaka 1978 alifungwa jela kwa sababu ya nyimbo zilizoonekana za matusi, wakati huohuo akiwa msanii wa kupendwa na utawala wa Mobutu. Hapo pana mchezo mzima, hata kwa waigizaji watano na magitaa mawili. Bunia ungeigizwa kwa Kiswahili, nyimbo zikibaki Kilingala, na uanze saa nane mchana, maana usiku wa Ituri hauna uhakika.

Mashahidi ndio wanaopungua. Madilu System alifariki 2007, Simaro Lutumba 2019, Josky Kiambukuta 2021. Atakayetaka kujua Franco alivyokaa kwenye mazoezi, au alivyomkaripia mpiga gitaa aliyechelewa, awatafute sasa waliobaki.