Kunde mia moja juu ya mkeka

Karani wa sensa alibisha hodi kwangu asubuhi, jua likiwa bado halijakolea. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Karibu ndani." Nikampa kigoda, akaketi, akatoa kishikwambi chake mkobani, kisha akauliza swali ambalo wajukuu zangu waliliona la ajabu: "Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, humu ndani walilala akina nani?"

Nikaanza kuwataja mmoja mmoja. Kumbe yule kitinda mimba, aliyekuwa na miaka 4 wakati ule, kajificha nyuma ya mlango kwa kumwogopa mgeni. Dada yake wa darasa la nne akamvuta mkono: "Toka huko! Usipohesabiwa itakuwa kama hupo." Akatoka, akaandikwa. Hivyo ndivyo watu wa nyumba yangu walivyoingia katika hesabu ya Watanzania 61,741,120 wa mwaka 2022.

Usiku, tukimenya mihogo, yule wa darasa la nne akaniuliza: "Bibi, leo wametuhesabu sisi. Dunia nzima tuko wangapi? Na wote hao wanakaa wapi?"

Swali zuri halijibiwi kwa haraka. Nilingoja karibu miezi mitatu. Tarehe 15 Novemba 2022, Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba kwa makadirio yake watu duniani wametimia bilioni 8. Jumamosi iliyofuata nikatandika mkeka chini ya mwembe, nikaleta ungo wenye kunde, nikawaita wote. Nanyi mnaosoma sogeeni hapa, mkeka unatosha.

Kwanza tuelewane bilioni ni kitu gani. Ukihesabu moja, mbili, tatu, namba moja kila sekunde, bila kula wala kulala, utaifikia milioni moja baada ya siku 11 na nusu. Bilioni moja je? Utahitaji karibu miaka 32. Mtoto wa miaka 10 akianza leo, atamaliza akiwa mtu mzima wa miaka 42, na hiyo ni bilioni moja tu kati ya 8. Kwa hiyo siku ile tulihesabu kunde. Tukachagua 100, tukakubaliana kwamba kila kunde ni watu milioni 80. Kunde 100 mara milioni 80 ni bilioni 8. Dunia nzima ikatosha kwenye kiganja changu.

Kisha nikachora mabara mchangani kwa kijiti, tukaanza kugawa. Asia ilichukua kunde 59. Ndiyo, zaidi ya nusu ya watu wote wako Asia! Afrika yetu ikapata 18. Ulaya, pamoja na Urusi yote, 9. Amerika ya Kusini, ya Kati na visiwa vya Karibi, 8. Marekani na Kanada, 5. Ikabaki moja, nikaiweka Australia na visiwa vya Pasifiki, na hata hiyo haijai, maana watu wa huko wanazidi kidogo tu nusu ya kunde.

"Sasa tugawe kwa nchi," nikasema. Nikachukua kunde karibu 18 za India, nikachukua karibu 18 za China. Nchi mbili tu zikawa zimebeba zaidi ya theluthi moja ya binadamu wote. Kwa miaka mingi China ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwa wingi wa watu. Mwaka 2023 India ikaipita. Nyuma yao kwa mbali inakuja Marekani yenye kunde 4 na kidogo. Indonesia ina 3 na nusu, Pakistani 3, na Nigeria, inayoongoza Afrika, inakaribia 3. Wanachama wa Umoja wa Mataifa ni nchi 193, lakini nchi 10 zenye watu wengi zaidi zina zaidi ya nusu ya kunde zote. Nchi nyingine zote zinagawana zilizobaki.

Wajukuu wakaanza kunung'unika. "Tanzania iko wapi? Kunde zetu ngapi?"

Nikachukua kunde moja iliyokuwa imelowekwa tangu jana, nikaimenya ganda. Mnajua kunde ikimenywa hufunguka vipande viwili. Nikaweka kipande kimoja kizima. Cha pili nikakikata katikati, nikaongeza nusu yake. "Hii ndiyo Tanzania. Robo tatu ya kunde." Kenya, iliyohesabu watu 47,564,296 mwaka 2019, ikapata kipande kizima na chembe juu yake. Rwanda, yenye watu milioni 13 na kidogo, ikapata chembe ya ncha ya kisu. Wakanyamaza, wakitazama vile vipande. Halafu kitinda mimba akauliza, "Na mimi nimo humo?" Umo, mwanangu. Ndani ya hicho kipande umo wewe, na mama yako, na karani aliyetuhesabu.

Basi hapo ndipo hadithi inapoanza hasa, wajukuu zangu. Mtu akitazama ramani hudhani nchi kubwa ina watu wengi na nchi ndogo ina watu wachache. Sivyo. Nitawapa mfano wa nchi mbili.

Urusi ndiyo nchi kubwa kuliko zote duniani kwa eneo, inapita kilomita za mraba milioni 17. Bangladesh ni nchi ndogo iliyopakana na India, ina kilomita za mraba 148,000 hivi. Ukiichukua Tanzania ukaikata vipande vyenye ukubwa wa Bangladesh, utapata 6. Ukiikata Urusi, utapata zaidi ya 100. Sasa hesabuni watu. Urusi ina watu wasiofika milioni 150. Bangladesh ina watu milioni 170 hivi! Nchi ndogo imeipita nchi kubwa kuliko zote. Kwa nini?

Fikeni nami Bangladesh. Mito mikubwa mitatu, Ganges, Brahmaputra na Meghna, inakutana huko kabla ya kuingia baharini. Kila msimu wa mvua mito hufurika, na mafuriko yanapopungua huacha tope laini lenye rutuba mashambani. Hakuna baridi ya kuua mazao. Sehemu nyingi hulima mpunga mara mbili kwa mwaka, na kwingine mara tatu. Mafuriko hayo hayo huvunja nyumba na kuchukua roho za watu, tusiwasahau wanaoishi nayo. Lakini kwa karne nyingi tope lile limelisha familia kwenye shamba dogo sana, na penye chakula watoto hukua, nao huoa na kujenga jirani na wazazi wao. Ndiyo maana vijiji vya huko vimebanana.

Sasa twende Siberia, upande wa mashariki wa Urusi. Huko pako maeneo ambayo ardhi chini imeganda mwaka mzima. Ukichimba hata kiangazi, jembe linagonga barafu. Utapanda nini? Kwa hiyo Warusi wengi wanaishi magharibi ya milima ya Ural, ambako udongo unalimika na majira ya baridi ni mafupi zaidi. Siberia ina misitu, madini na mafuta mengi, ila wakazi wachache. Kanada nayo ni hivyo hivyo: ni nchi ya pili kwa ukubwa duniani, lakini watu wake wengi wamejipanga kusini karibu na mpaka wa Marekani, wakiukimbia ubaridi wa kaskazini.

Kumbe basi watu hawafuati ukubwa wa nchi. Wanafuata maji, udongo na riziki. Lishikeni hilo, maana ndilo neno zima la hadithi hii.

Mnataka ushahidi? Twende Misri. Ina watu zaidi ya milioni 100. Ukiwatafuta jangwani hutawapata. Karibu 95 kati ya kila 100 wanaishi kwenye ukanda mwembamba kando ya mto Nile na pale mto unapotawanyika kuelekea bahari ya Mediterania. Ukanda huo ni kama sehemu 5 tu kati ya 100 za nchi yao. Maji mengi ya Nile yanayofika Misri yanatoka nyanda za juu za Ethiopia. Mengine yanatoka katika Ziwa Victoria letu, yakianza safari yake pale Jinja, Uganda. Mvua ya Mwanza na Bukoba ina fungu lake dogo katika kiu ya Misri.

Twende tena Indonesia. Nchi ile ina maelfu ya visiwa, lakini zaidi ya nusu ya watu wake wamejazana kwenye kisiwa kimoja, Java. Kuna nini Java? Kuna milima ya volkano. Volkano hutisha inapolipuka, ila majivu yake, miaka ikipita, huwa udongo mnono ajabu. Watoto wa Kilimanjaro na wa Rungwe mnalijua jambo hili bila kufundishwa. Ninyi mmekulia katikati ya migomba na kahawa, nyumba na nyumba zinapakana, mlima unawatazama. Shukeni tambarare kavu za Umasaini, mtatembea mchana kutwa kabla ya kuona boma.

Na riziki ya mjini je? Hiyo nayo huvuta watu kama taa inavyovuta kumbikumbi. Dar es Salaam ndio mkoa mdogo kuliko yote ya Tanzania Bara. Sensa ya 2022 ilikuta humo watu 5,383,728, karibu 9 kati ya kila Watanzania 100. Hawakufuata mpunga wala migomba. Walifuata bandari, viwanda, vyuo, masoko na ndugu waliotangulia. Sasa linganisheni na Mongolia, nchi iliyo kati ya Urusi na China. Kwa eneo inaizidi Tanzania nzima kwa mbali, inapita kilomita za mraba milioni 1 na nusu. Watu wake ni milioni 3 na nusu hivi. Nchi nzima haifiki Dar es Salaam! Na karibu nusu ya hao wanaishi katika mji mkuu, Ulaanbaatar, maana kwingine ni jangwa la Gobi na mbuga za baridi kali ambako wafugaji huhama na farasi, kondoo na ngamia wao.

Nchi ndogo kuliko zote ni Vatikani, iliyo ndani ya jiji la Roma. Wakazi wake hawafiki 1,000. Shule nyingi za msingi za Dar es Salaam zina watoto kuwazidi.

Kunde zetu mkekani hazitulii, wajukuu zangu. Mwaka 1967, sensa ya kwanza baada ya Muungano, nilikuwa binti mdogo na nilihesabiwa. Tulikuwa watu 12,313,469. Katika miaka 55 tumekuwa mara tano ya vile. Japani inakwenda njia nyingine: watu wake wanapungua mwaka hata mwaka, watoto wanaozaliwa ni wachache, na karibu watu 3 kati ya kila 10 wametimiza miaka 65 au zaidi. Huko baadhi ya shule zimefungwa kwa kukosa wanafunzi. Kwetu Afrika nusu ya watu hawajafika miaka 20, na darasa lililojengwa kwa watoto 45 linaingia watoto wengi zaidi. Japani inahitaji watu wa kuwatunza wazee wake. Sisi tunahitaji madawati, walimu, zahanati, visima, na baadaye kazi kwa wote hao.

Hapo ndipo mnapoelewa kwa nini karani alikaa kwenye kigoda changu na kuuliza nani alilala wapi. Wingi peke yake haumfanyi mtu tajiri wala maskini. Lakini serikali isiyojua watoto wangapi wako kijiji gani itajengaje shule? Itapelekaje chanjo? Mtoto aliyefichwa nyuma ya mlango siku ya sensa ndiye atakayekaa chini darasani, kwa sababu dawati lake halikuwekwa katika hesabu.

Jioni ile tuliziokota kunde. Tukahesabu tena, zikawa 99. Kitinda mimba akapiga magoti, akapekua nyuzi za mkeka kwa vidole mpaka akaipata ile moja, imejibanza kwenye ukindu. Akainyanyua juu kwa furaha. Nikamwambia: "Umeona? Kama tungeiacha, tungekuwa tumewasahau watu milioni 80."

Nanyi wasomaji wangu, mkishika ramani tena msiishie kutazama nchi gani ni kubwa. Tafuteni mito iko wapi, milima iko wapi, bandari iko wapi, nanyi mtajua watu wako wapi na kwa nini. Na siku karani atakapobisha hodi kwenu, tokeni nyuma ya mlango, mseme majina yenu kwa sauti.