Mtoto Asiachwe Nyuma

Wapo ndugu zetu wafanya kazi, wenyeji wa Afrika Mashariki, walio wakaazi wa kudumu wa Marekani pasipo kuwa raia. Hutokea mama akaja kwao Tanga au Mombasa kwa ziara, akajifungua huko. Jee, mtoto huyo ataingiaje Marekani?

Sheria ya nchi hiyo imemwachia mlango, ila mlango wenyewe ni mwembamba. Mtoto aliyezaliwa mama akiwa ziarani hahitaji viza ya uhamiaji, mradi aingie kabla ya kutimiza miaka 2, tena afuatane na mzazi mkaazi katika safari ya kwanza ya mzazi huyo kurejea baada ya uzazi. Awe na pasipoti, na cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi. Mama naye asikae nje mwaka mzima bila kibali cha kurejea, kiombwacho kabla ya kuondoka Marekani.

Hatari iko hapa. Kazi humwita mama, akamwacha mtoto kwa bibi, akisema atamfuata mwakani. Akisharejea peke yake, mlango umefungwa. Itampasa apeleke ombi la viza ya jamaa. Na kwa wasio raia viza hizo zina idadi maalumu kila mwaka, hata kungoja kukawa kwa miaka.

Twawaasa ndugu zetu: ni heri kuchelewa kazini kuliko kumtangulia mtoto. Kazi ikipotea hutafutwa nyingine, utoto haurudi.