Nguvu Zenye Kudumu

Katika nchi hii ya Ruvu, tangu Mlandizi hadi vijiji vya Kisarawe, vijana wengi wapendao siha hujitengenezea vyuma vyao wenyewe kwa makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Bidii yao yastahili sifa. Lakini aghalabu hupotea bure, kwa kuwa uzito wa makopo hayo haubadiliki abadan, na mwenye kuchoshwa na hali hiyo hurukia mzigo mkubwa kwa pupa akaumia bega.

Mwili hauongezi nguvu wakati wa kunyanyua, bali baada yake: kazi nzito huipa misuli sababu ya kujijenga, na ujenzi wenyewe huendelea kwa muda wa saa 24 hadi 48, mradi mtu apate chakula na usingizi wa kutosha. Fauka ya hayo, katika majuma ya mwanzo nguvu huzidi kabla misuli haijanenepa, maana neva hujifunza kuziamrisha nyuzi nyingi zaidi kwa pamoja. Ilhali kano, zifungazo misuli na mifupa, huimarika polepole zaidi. Hapo ndipo wengi huhadaika, wakauongeza mzigo ambao misuli yaumudu na kano bado.

Daktari Thomas DeLorme wa Marekani, aliyewatibu askari majeruhi wa Vita Kuu ya Pili, alieleza mwaka 1945 utaratibu wa kuongeza uzito hatua kwa hatua. Na katika miaka ya 1960 Lev Matveyev, mtaalamu wa Kisovieti, alifundisha kuugawa mwaka wa mwanamichezo kwa vipindi vya kazi nzito, kazi nyepesi na mapumziko.

Tadbiri hiyo yawezekana kwetu kwa dumu la lita 20, kwani lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tia lita 10, likumbatie kifuani, uchuchumae na kuinuka mara 8, kwa mizunguko mitatu, siku tatu zilizoachana katika juma. Na kwa kuwa maji huyumba ndani ya dumu lisilojaa, shuka taratibu. Ukifikisha mara 12 pasipo mgongo kupinda, ongeza chupa moja ya nusu lita, nawe usizidishe zaidi ya mara moja katika majuma mawili. Kila juma la nne, punguza mizunguko, wala usiogope kurudi nyuma.

Masika yakifika, Machi hadi Mei, jembe huchukua nguvu zako. Basi siku moja kwa juma, kwa mzigo ule ule, yatosha kuzihifadhi. Andika yote katika daftari. Kutoka lita 10 hadi dumu kujaa ni nyongeza 20 za nusu lita; kila moja kwa majuma mawili, ni majuma 40; ukijumlisha na 12 hivi ya masika, mwaka umetimia na dumu limejaa.