Kompyuta kuukuu zenye bei ya shamba

Trekta likizeeka hushuka thamani, mwisho likauzwa kama chuma chakavu. Kwa kompyuta za nyumbani za miaka ya 1970 na 1980, hesabu hiyo imegeuka.

Kila mwaka wapenzi wa mashine hizo hukutana mwishoni mwa juma mjini Wall, jimbo la New Jersey nchini Marekani, kwenye tamasha liitwalo Vintage Computer Festival East. Vintage Computer Festival ya kwanza ilifanyika California mwaka 1997. Watu huziwasha Commodore 64, zilizoingia sokoni mwaka 1982 kwa dola 595 zikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64 tu, wakacheza michezo na kuuziana vipuri.

Commodore ziliuzwa kwa mamilioni, hivyo mtu wa kipato cha kawaida bado anazimudu. Apple-1 zilitengenezwa takriban 200 tu, kwa dola 666.66 kila moja mwaka 1976. Mwaka 2014 moja ilinunuliwa mnadani kwa dola 905,000! Kinachopandisha bei ni uhaba, wala si uzee.

Lakini mali hii nayo ina dumuzi wake. Kapasita huvuja, na betri zilizosahauliwa ndani humwaga kemikali inayokula njia za shaba kwenye bodi. Kununua mashine isiyowashwa miaka 20 ni sawa na kununua ng'ombe bila kumwona akisimama. Na mafundi waliozijua zikiwa mpya sasa ni wazee.