Je, Wajua Damu Yako Inaweza Kuitibu Ngozi Yako?

Karibu na mji wa Nyeri, pale Kiganjo, kiwanda cha maziwa hutenga malai kwa kuyazungusha maziwa kwa kasi. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayotumika kuandaa tiba ya ngozi kutokana na damu ya mgonjwa mwenyewe. Damu huchotwa mkononi, ikatiwa katika kichupa chenye dawa ya kuizuia isigande, kisha mashine ikaizungusha kwa dakika kadhaa. Seli nyekundu, kwa kuwa ni nzito, hutuama. Juu hubaki plazima ya manjano, na ndani yake chembe sahani.

Chembe hizi ni za ajabu. Mwaka 1882, Giulio Bizzozero wa Italia alionyesha kwamba ndizo zinazokimbilia kuziba mshipa uliokatika. Hazina kiini, huishi siku 7 hadi 10 tu, na kila mikrolita ya damu huwa nazo 150,000 hadi 450,000. Tiba hulenga kuzifikisha kama 1,000,000 katika plazima inayodungwa ngozini. Zikishaamshwa humwaga protini zinazoita seli za ukarabati, kuotesha mishipa midogo na kuchochea kolajeni.

Je, zitamfaa mkazi wa mtaa wa Majengo mjini Nyeri ambaye uso wake humchoma kila baridi ya Julai ikishuka, hata kwa sabuni aliyoizoea? Huenda. Lakini tafiti za ngozi nyepesi kudhurika bado ni ndogo, na kila kliniki huandaa plazima kwa namna yake. Tena nyuso nyingi zimechubuliwa na krimu zenye haidrokwinoni, zebaki au steroidi. Ngozi hiyo yataka kwanza kuachishwa krimu kwa uangalizi wa daktari, ipakwe mafuta yasiyo na manukato na ikingwe jua. Kuichoma sindano kabla ya hapo ni kuitesa.

Kwa kuwa damu ni yako, mwili hauikatai. Hatari imo katika vifaa. Huko Albuquerque, Marekani, saluni isiyo na leseni ilifungwa mwaka 2018. Wakaguzi walikuta vichupa vya damu visivyo na majina, na ripoti ya 2024 ikahusisha huduma yake ya uso na maambukizi ya virusi vya Ukimwi kwa wateja. Basi dai kuona sindano ikifunguliwa mbele yako na jina lako likiandikwa kwenye kichupa kabla damu haijaingia. Na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au chembe sahani zako ni chache, mwambie daktari mapema.