Vyombo Vikuukuu na Rangi Mpya

Wengi katika sisi wenye kipato kidogo hutia samani majumbani mwetu kwa kununua vitu vilivyokwisha kutumiwa na wengine. Jambo hilo si aibu wala si dalili ya unyonge, bali ni busara, maadamu mtu anajua anunuacho na anajua namna ya kukitengeneza. Tumeona vema mwezi huu tuandike juu ya kazi hiyo, kwa kuwa sisi wenyewe tulipata kuifanya vibaya tukahasirika, kisha tukaifanya vizuri tukafaidika. Na mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Madrasa yetu iko Mkuyuni, hapa Mwanza, juu katika mlima wa mawe uangaliao ziwa. Chombo chochote kinachonunuliwa chini barabarani hakina budi kubebwa mabegani, ngazi kwa ngazi baina ya majabali, hata kifike kwetu. Miaka mitatu iliyopita tulihitaji kabati la kuhifadhia misahafu na juzuu za watoto. Mafundi walitutajia shilingi 350,000 kwa kabati jipya la mbao ngumu, na wazazi walikuwa wamechanga shilingi 80,000 tu. Basi tukaenda kwa muuzaji mmoja wa vitu vilivyotumika, tukaona kabati limepakwa rangi nyeupe, linang'aa kama yai. Tukalipa shilingi 70,000 pasipo kufungua droo wala kuligeuza tuuone mgongo wake. Vijana wakalibeba mpaka juu, nasi tukajiona tumepata.

Masika yalipokwisha, unga mweupe kama wa mhogo ukaanza kudondoka chini ya rafu. Tukaufagia, tukidhani ni vumbi. Siku moja ya Jumatano, watoto wakiwa katika kusoma, rafu ya juu ikakatika, na misahafu ikaanguka chini mbele ya macho yao. Tulipotazama mahali palipovunjika tukakuta rangi nje ni nzima kabisa, walakini mbao ndani zimeliwa na dumuzi hata zikawa kama sega la nyuki. Mtoto mmoja wa miaka tisa akatuuliza, "Maalimu, mbona lilikuwa zuri?" Hatukuwa na jibu. Tulifikiri zile fedha za wajane na wavuvi tulizopewa kwa amana, tukaona haya.

Fundi seremala mmoja, mzee wa mtaa wetu, alikuja kulitazama kabati lile, akasema maneno ambayo hatujayasahau: "Rangi ni nguo, Maalimu. Nguo haitibu kidonda." Kisha akatufundisha kazi yote tangu mwanzo hata mwisho, nasi twaipitisha kwa wasomaji kama tulivyoipokea.

Kwanza ni kuchagua. Usitazame uso wa chombo, tazama mgongo wake, chini yake, na ndani ya droo, maana huko ndiko wauzaji wasikofikisha brashi. Ukiona vitundu vidogo vya mviringo na unga mbichi kando yake, ujue dumuzi yu hai ndani. Chomeka ncha ya kisu penye kiungo. Ikizama kama katika mkate, liache. Rangi haimwui dumuzi aliye ndani ya mti; yeye huendelea kula gizani miezi na hata miaka, na siku akitoka nje huwa amekwisha kazi yake. Tazama pia kama chombo ni cha mbao za kweli au cha mbao zilizoshindiliwa kwa unga na gundi. Hizi za pili zikisha kunywa maji huvimba pembeni, wala hazirudi tena. Ama mikwaruzo, mabaka, bawaba zilizovunjika na miguu inayotikisika, hayo yasikutishe. Ndiyo yashushayo bei, na ndiyo yatengenezekayo.

Kama chombo ni kitanda au kiti chenye godoro, tafuta kunguni kabla hujakiingiza nyumbani. Hujificha katika viungo na matundu ya misumari. Kipige maji yanayochemka katika kila upenyo, kisha ukianike juani hata kikauke barabara.

Pili ni kuosha na kukaza. Mafuta ya mikono na moshi wa jikoni huizuia rangi isishike, kwa hiyo chombo kioshwe kwa sabuni na maji ya vuguvugu, kisha kikaushwe. Viungo vilivyolegea vifunguliwe, vitiwe gundi ya mbao, vikazwe kwa kamba iliyosokotwa kwa kijiti, viachwe usiku kucha. Kugongomea misumari mahali pa gundi ni kukipasua chombo. Nyufa na matundu twaweza kuyajaza pasipo gharama: tuombe unga wa mbao kwa seremala, tuuchanganye na gundi ile ile, tuusindilie, na ukikauka tuusawazishe.

Tatu ni msasa, na hapa twaomba kila mzazi asome kwa makini. Wazee walikuwa wakilainisha mbao kwa majani makavu ya mti uitwao msasa, ambao ni wa ukoo mmoja na mkuyu uliokipa kitongoji chetu jina. Jina la mti likahamia kwenye karatasi ya dukani. Majani yale hayakuwa na madhara. Lakini leo tunapokwaruza rangi ya zamani, vumbi litokalo laweza kuwa na risasi, kwa sababu rangi nyingi za mafuta zilichanganywa na madini hayo ili zing'ae na zidumu. Hatari yake ilijulikana zamani: mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba wa kupunguza matumizi ya rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo, na mwaka 1978 Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi kwa matumizi ya nyumbani. Nalo Shirika la Afya Duniani lasema ya kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kijulikanacho kuwa ni salama. Mtoto mdogo ndiye adhurikaye zaidi, kwa kuwa hutambaa penye vumbi na kutia vidole kinywani. Risasi humwingia katika ubongo, ikapunguza fahamu zake na uwezo wake wa kusoma. Sisi tunaofundisha watoto twapaswa kuliogopa jambo hili kuliko wengine, kwa maana huenda tukamwita mtoto mzito wa kufahamu, kumbe chanzo ni vumbi la nyumba.

Kwa macho huwezi kujua rangi ipi ina risasi. Basi ichukulie kila rangi ya zamani kuwa inayo. Usiikwaruze ikiwa kavu, wala usiiunguze kwa moto. Loweka msasa katika maji, usugue chombo kikiwa kimerowa, ili vumbi liwe tope. Lifute tope hilo kwa kitambaa na ulitupe mbali na watoto, na mbali na maji yaendayo ziwani. Kazi ifanywe nje, watoto na mama wajawazito wasiwepo, na mfanyaji aoge na kubadili nguo kabla ya kula. Kama rangi ya zamani imeshika sawasawa na haibanduki, yatosha kuipitia kidogo kwa msasa wa maji ili ipoteze mng'ao, kisha ufunike kwa rangi mpya. Na ununuapo rangi mpya, chagua iliyoandikwa koponi kwamba haina risasi.

Mara nyingine, ukifika kwenye mbao, utakuta chini ya rangi kuna mninga au mvule. Hapo usipake rangi tena. Mbao hizo Mwenyezi Mungu amezivika pambo lake mwenyewe. Zipake vanishi au mafuta, utapata chombo ambacho wenye fedha hukitafuta.

Nne ni kupaka. Mkono wa kwanza uwe wa rangi ya msingi, ushike mbao. Ukikauka, pitia kwa msasa laini, futa vumbi, kisha paka rangi yenyewe mikono miwili myepesi, ukifuata mwendo wa nyuzi za mbao. Mkono mmoja mzito hutiririka machozi, hukunjamana, na hubaki mbichi ndani. Ngoja usiku mzima baina ya mkono na mkono. Rangi ya mafuta izimuliwe kwa tapentaini. Mafuta ya taa huichelewesha kukauka na kuiondolea mng'ao, na petroli ni moto unaongoja kuwashwa. Tena, rangi ya maji haishiki juu ya rangi ya mafuta inayong'aa isipokuwa imepigwa msasa kwanza. Lita moja hupaka kiasi cha mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, basi pima chombo chako kabla hujakwenda dukani, usinunue kopo kubwa kwa kazi ndogo.

Sisi wa kandokando ya ziwa tuna jambo letu la peke yetu. Wale vijidudu vya ziwani wainukao kama moshi, nao huonekana zaidi karibu na mwandamo wa mwezi, hupenda taa, na wakikuta rangi mbichi hunata humo kwa maelfu. Paka asubuhi, ili jioni rangi iwe imeshika. Usiwashe taa karibu nayo. Na ukiona wingu la vijidudu juu ya maji, ahirisha. Miezi ya kiangazi, tangu Juni hata Agosti, ndiyo bora kwa kazi hii.

Kwa mafunzo hayo tulinunua kabati la pili, chakavu, lenye rangi juu ya rangi na mlango uliong'oka, kwa shilingi 60,000. Gundi ilikuwa shilingi 4,000, msasa 6,000, brashi mbili 5,000, rangi ya msingi 9,000, rangi ya kijani 12,000, tapentaini 3,500, bawaba na parafujo 3,000. Jumla ya vifaa ni shilingi 42,500, na pamoja na kabati ni shilingi 102,500, haikufika thuluthi ya bei ya jipya. Lakini mwadilifu hana budi kuhesabu na zile 70,000 tulizotupa mwanzoni kwa kutotazama nyuma ya kabati. Hiyo ndiyo ada tuliyolipa.

Wala tusidhani ya kwamba kutengeneza kilichochakaa ni kazi ya maskini peke yao. Unguja na Lamu mbao za majahazi yaliyokwisha safari hutengenezwa meza na vitanda. Uingereza nayo, katika Vita Kuu ya Pili, mbao zilipokuwa haba, serikali iliweka mwaka 1942 mpango wa kutengeneza samani za namna chache tu, zikatolewa kwanza kwa maharusi na kwa waliobomolewa nyumba na mabomu. Wengine wote iliwabidi watengeneze walivyonavyo. Wala hawakuona haya.

Limebaki neno moja kwa wale wafanyao biashara hii. Yeye anunuaye kikuukuu, akakitengeneza kwa haki na kukiuza kwa faida, amefanya chumo la halali. Lakini ajuaye kwamba ndani kuna dumuzi, naye akafunika kwa rangi, huyo ameuza rangi peke yake kwa bei ya kabati. Ni mashuhuri habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono katika chungu ya nafaka, vidole vyake vikakuta umajimaji chini, akamwuliza mwenyewe kwa nini hakuiweka iliyorowa juu watu waione. Rangi juu ya mbao iliyooza ni nafaka kavu juu ya iliyorowa. Na sharia imempa mnunuzi khiyari ya kukirudisha chombo kilichofichwa kasoro yake. Lakini maskini aliyekwisha kukipandisha mlimani kwa mabega ya wanawe, mara nyingi hana nguvu ya kukishusha tena. Basi muuzaji na amwonyeshe mgongo wa kabati kabla hajaulizwa.

Kabla ya kupaka kabati letu la kijani tuliwaita watoto walitazame lingali tupu, mbao zake wazi na viungo vyake vimekazwa. Yule aliyetuuliza siku ile alitia mkono ndani, akabonyeza rafu moja baada ya moja, akasema, "Hili ni zuri kabla ya rangi." Misahafu iko humo mpaka leo.

Wabillahi taufiki.