Kumpima Farasi Kabla ya Mbio

Jioni hii nataka kusema nanyi habari za mashindano ya farasi katika nchi ya Uingereza, na hasa juu ya swali moja: mtu awezaje kujua, kabla farasi hawajaondoka, ni yupi aelekeaye kushinda? Wako wadhanio kwamba jambo hili ni bahati tupu, kama kutupa kete. Wako pia wadhanio kwamba ipo siri, na kwamba mtu akilipa fedha atanong'onezewa jina la mshindi. Wote wamekosea. Mbio za farasi zina dalili zake, na dalili hizo huandikwa wazi katika magazeti, kila mtu azisome. Lakini dalili si ahadi. Kwa kutojua tofauti ya mambo haya mawili watu wengi wamepoteza mshahara wa mwezi mzima katika alasiri moja.

Kwanza yafaa kujua farasi hawa ni wa namna gani. Si farasi wa kukokota gari wala wa kulima. Ni wa uzao mmoja uliotunzwa kwa karne tatu, na nasaba ya kila mmoja imeandikwa katika kitabu. Kwa upande wa baba, wote hutoka kwa madume watatu walioletwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki. Mmoja wao, aitwaye Darley Arabian, alitoka Halab katika nchi ya Sham mwaka 1704. Hata sisi, neno letu "farasi" twalipata katika Kiarabu. Mbio kubwa kupita zote za farasi wa miaka mitatu, ziitwazo Derby, zilianza Epsom mwaka 1780, na hata leo hufanywa kila mwaka.

Sasa tuziangalie dalili zenyewe.

Dalili ya kwanza ni kazi aliyokwisha kuifanya farasi. Katika orodha ya mbio, kando ya jina la kila farasi, zimeandikwa tarakimu chache, kwa mfano 53-211. Husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na ya mwisho ndiyo ya karibuni. Basi farasi huyu alikuwa wa tano, kisha wa tatu. Kistari chaonyesha kwamba msimu ule ulikwisha. Kisha akawa wa pili, na mara mbili za mwisho alishinda. Sifuri maana yake ni kwamba alikuja nyuma ya wa tisa. Katika mbio za kuruka viunzi huonekana pia herufi: F ni kwamba alianguka, U ni kwamba mpandaji alitupwa chini, na P ni kwamba mpandaji alimsimamisha kabla ya mwisho.

Msomaji asiye na uzoefu huona tarakimu 1 akafurahi, akafunga gazeti. Msomaji mwenye akili huuliza: alimshinda nani? Mwanafunzi aliye wa kwanza katika shule ndogo ya kijiji huenda akawa wa kumi akipelekwa shule kubwa ya mji. Ndivyo ilivyo kwa farasi. Mbio za Uingereza zimegawanywa kwa madaraja, na farasi aliyekuwa wa nne katika daraja la juu mara nyingi ni bora kuliko aliyeshinda katika daraja la chini. Basi tarakimu peke yake haisemi kitu mpaka ujue ilipatikana wapi.

Dalili ya pili ni umbali na uwanja. Mbio fupi za farasi wasioruka huwa za maili tano kwa nane, na nyingine hupita maili mbili. Farasi mwepesi wa kuondoka huenda akachoka kabla ya maili moja, na mwenye pumzi ndefu huenda akaachwa katika mbio fupi. Tena viwanja vya Uingereza havifanani. Newmarket ina njia pana iliyonyooka. Chester ina mviringo mdogo, nao hupinda kushoto karibu wakati wote, hata farasi aliyepangwa upande wa ndani hupata faida kubwa. Epsom ina mteremko na kona, na farasi asiyeweza kujishika mteremkoni huyumba. Kwa hiyo farasi aliyekwisha kushinda katika uwanja ule ule ameonyesha jambo ambalo wenzake bado hawajalionyesha.

Dalili ya tatu ni hali ya ardhi. Mbio nyingi hukimbiwa juu ya majani, na mvua hubadili kila kitu. Wakuu wa uwanja hupima ardhi na kutangaza kama ni ngumu, au nzuri, au laini, au nzito ya tope. Wako farasi wenye hatua fupi na nguvu nyingi ambao hufurahia tope. Na wako wenye hatua ndefu na nyepesi ambao katika tope ni kama mtu aliyevaa viatu vya risasi. Mvua ya usiku mmoja yaweza kumfanya bora wa jana awe wa mwisho leo. Mwenye kuchagua mapema bila kungoja habari ya mvua amechagua nusu tu.

Dalili ya nne ndiyo ngumu kupita zote, nayo ni uzito. Katika mbio nyingi za Uingereza farasi hawachukui mzigo sawa. Wako watu ambao kazi yao ni kumpima kila farasi kwa kazi yake na kumpa hesabu. Kila nukta moja ni ratili moja. Aliye bora hupewa mzigo mkubwa, na aliye dhaifu hupewa mdogo, ili wote wapate nafasi ya kushinda. Mpandaji akiwa mwepesi kuliko mzigo uliowekwa, vipande vya risasi hutiwa katika tandiko. Tena hupimwa katika mizani kabla ya mbio, na akirudi hupimwa tena, ili pasiwe na hila.

Wazoefu huhesabu hivi: katika mbio za maili moja, ratili mbili ni sawa na urefu wa farasi mmoja. Tuseme farasi wa kwanza alimshinda wa pili kwa urefu wa farasi wawili, nao walichukua mzigo sawa. Leo wanakutana tena, na yule mshindi ameongezewa ratili sita. Ratili sita ni urefu wa farasi watatu. Toa wawili, hubaki mmoja. Basi kwa hesabu, yule aliyeshindwa ndiye atakayetangulia leo, kwa urefu mmoja. Jambo hili mtu aweza kulihesabu nyumbani kwake kwa kalamu na karatasi, bila kumlipa mtu yeyote.

Nguvu ya uzito ilionekana katika mbio za Grand National huko Aintree, mwaka 1973. Mbio hizi ni za zaidi ya maili nne, na farasi huruka viunzi 30. Farasi mmoja aliyetoka Australia, jina lake Crisp, alichukua ratili 168. Mwingine, Red Rum, alichukua ratili 145. Crisp aliwaacha wenzake mbali sana, akaruka kiunzi cha mwisho yu peke yake. Lakini baada ya kiunzi kile ipo njia ndefu ya karibu yadi 500, na pale mzigo ulidai haki yake. Crisp alianza kupepesuka kama mtu mlevi. Red Rum alimfuata hatua kwa hatua, akampita karibu na nguzo ya mwisho, akashinda kwa chini ya urefu wa farasi mmoja. Tofauti ya mizigo yao ilikuwa ratili 23. Watu wengi waliotazama walimhurumia Crisp, wala hawakukosea. Lakini mwenye kusoma mizani alijua tangu asubuhi kwamba saa ile ingeweza kuja. Na msidhani Red Rum alikuwa dhaifu: mwaka 1974 yeye ndiye aliyepewa ratili 168, akashinda tena, na mwaka 1977 akashinda mara ya tatu.

Dalili nyingine nitazitaja kwa ufupi. Mtazame mfunzi wa farasi: je, farasi wake siku hizi wanashinda, au zizi lake limeingiwa na ugonjwa? Mtazame mpandaji. Tazama ni siku ngapi zimepita tangu farasi akimbie. Na ukiwapo uwanjani, mtazame farasi mwenyewe anapozungushwa: manyoya yang'aayo na hatua tulivu ni habari njema, jasho jingi kabla ya kazi si habari njema.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wengi hawalifikiri, nalo ni bei. Kumjua farasi mzuri si sawa na kupata faida. Mpokea dau akisema "nne kwa moja", maana yake ni kwamba ukiweka pauni moja na farasi akashinda, utapewa pauni nne na pauni yako. Basi farasi yule sharti ashinde angalau mara moja katika mara tano, ama utapata hasara mwishowe.

Tuseme farasi ni watatu. Wa kwanza ana bei ya moja kwa moja, wa pili mbili kwa moja, na wa tatu tatu kwa moja. Watu wameweka pauni sita kwa wa kwanza, nne kwa wa pili, na tatu kwa wa tatu. Mpokea dau amepokea pauni 13. Akishinda wa kwanza, atalipa 12. Akishinda wa pili, atalipa 12. Akishinda wa tatu, atalipa 12. Yeye hahitaji kumjua farasi hata mmoja. Pauni moja hubaki mfukoni mwake kila mara. Hapo mtaona kwa nini yeye huja uwanjani kwa gari, na wateja wake wengi hurudi kwa miguu.

Na hata dalili zote zikikubaliana, bado si ahadi. Yule ambaye watu wengi humtegemea kuliko wote hushinda karibu mara moja katika tatu tu. Mwaka 1956 pale Aintree, Devon Loch, farasi wa mama yake Malkia Elizabeth wa Pili, alikuwa mbele, amebakiza hatua chache, hakuna wa kumfikia. Ghafula miguu yake ikateleza, akalala juu ya majani, na farasi mwingine akashinda. Mwaka 1967 farasi wengi walikwama pamoja mbele ya kiunzi kimoja kifupi, na Foinavon, aliyekuwa nyuma sana, akapata njia, akaruka, akashinda kwa bei ya mia kwa moja. Hakuna gazeti lililoweza kusema mambo hayo asubuhi.

Wazee wetu walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, lakini mkulima mwenye busara huyatazama mawingu, hutayarisha shamba, wala hauzi jembe lake kwa ajili ya wingu moja. Hayo ndiyo mafunzo ya mbio za farasi. Anayependa kuzitazama na azitazame, apime dalili, na akikosea acheke. Lakini fedha ya ada ya mtoto, ya chakula na ya kodi ya nyumba haina kazi uwanjani. Na mtu akikujia akisema kwamba anamjua mshindi wa kesho kwa hakika, muulize swali moja tu: mbona anauza habari hiyo kwa shilingi chache, asiitumie yeye mwenyewe?

Kwaherini.